Mzinga wa Princeton: je, majaribio matano yanatosha?

Leo naomba niweke kando programu na seva, nizungumzie chuma. Waliokuja kutafuta msimbo leo watarudi mikono mitupu, lakini wakivumilia hadi chini wataona kwamba sikwenda mbali sana na kazi yetu.

Kwa Kiswahili neno mzinga lina maana mbili. Kuna gogo lililotobolewa ndani na kutundikwa mtini ili nyuki watie asali, na kuna silaha kubwa ya kubomolea ngome. Aliyetembea Fort Jesus kule Mombasa na kuchungulia mdomoni mwa zile kuukuu zilizolazwa pale anajua kwa nini wahenga waliona jina moja linatosha. Ni kitu cha duara, kina tundu, na ndani ni giza. Mimi hilo giza ndilo linalonivutia. Kwa karne nyingi watu walisimama kando ya mzinga, wakatia moto, na hakuna hata mmoja wao aliyejua hali ya chuma kilichomo ndani ya ukuta wake.

Swali langu ni hili. Mtu anayetengeneza bomba la silaha ya kushindilia, yaani ile ambayo baruti na risasi zinaingizwa mdomoni na kusukumwa kwa mdeki, atachagua chuma gani? Na akishachagua, atajuaje kwamba hakitampasukia usoni? Swali hili limeua wafalme, mawaziri na wakulima. Tahadhari mapema: hapa hakuna somo la kutengeneza bunduki. Kwetu Kenya kuunda bunduki bila kibali ni kosa la jinai, na vile vibunduki vya mabomba ya maji ambavyo polisi huvionyesha kwenye magazeti ni hatari kwa anayevishika kabla hata ya anayelengwa. Bomba la maji lilitengenezwa kubeba maji. Hayo yanatosha, turudi kwenye historia.

Tuanze na kazi ya bomba lenyewe. Baruti ikiwaka inageuka gesi moto kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na gesi hiyo inasukuma kila upande kwa pamoja: mbele, nyuma, na kwenye kuta. Risasi ndiyo mlango pekee unaofunguka. Kwa hiyo chuma kinatakiwa kiwe na sifa mbili ambazo mara nyingi hazikai pamoja. Kiwe na nguvu, kisinyooke ovyo. Na kiwe na uvumilivu, yaani kikizidiwa kivimbe au kipinde kwanza kabla ya kukatika.

Zamani uchaguzi ulikuwa mdogo. Shaba iliyochanganywa na bati ilikuwa ghali mno, lakini ilikuwa na adabu: ikizidiwa huvimba, mpigaji anaona, anaiacha. Chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kalibuni, kilikuwa rahisi kwa bei ila hakina onyo. Kinavunjika kama chungu, vipande vinaruka. Halafu kulikuwa na chuma cha kufua, kinachopigwa nyundo kikiwa chekundu. Hiki kinapinda vizuri, lakini enzi hizo hakuna aliyeweza kutoa kipande kimoja kikubwa cha kutosha, basi ilibidi vipande viungwe kwa moto na nyundo. Mizinga mikubwa ya karne ya 15 ilijengwa hivyo: mapao marefu ya chuma yanapangwa kuzunguka tundu, halafu yanabanwa kwa pete nyingi za chuma, kama fundi anavyotengeneza pipa. Waingereza hadi leo bomba la bunduki wanaliita kwa jina lile lile la pipa. Mons Meg, mzinga wa 1449 ulioko kwenye ngome ya Edinburgh, ni wa aina hii.

Tarehe 3 Agosti 1460, James II, mfalme wa Scotland, alikuwa ameizingira ngome ya Roxburgh. Alikuwa mpenzi mkubwa wa mizinga, na alisimama karibu na mmoja wakati ukipigwa. Ulipasuka, kipande kikamkata, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Bunduki za mkononi zilikuwa na tatizo hilo hilo kwa udogo. Fundi alichukua bapa la chuma, akalikunja kuzunguka ufito, akaunga kingo mbili kwa moto. Uungano huo ukawa mstari mmoja mrefu kuanzia mwanzo wa bomba hadi mwisho, na kama kulikuwa na uchafu au takataka za chuma zilizonaswa katikati ya kingo, bomba lilikuwa na ufa tangu kuzaliwa. Juu linang'aa, ndani limefumuka. Mafundi bora walikwepa jambo hili kwa kuviringisha ukanda wa chuma kama kamba inavyozungushwa kwenye mti, ili uungano uwe wa mzunguko na usikae sambamba na bomba. Wanunuzi matajiri walipenda mistari mizuri inayobaki juu yake. Faida yenyewe ilikuwa pale uungano ulipoelekea.

Kwa kuwa jicho halioni ndani, miji iliyotengeneza bunduki kwa wingi ilianzisha nyumba za majaribio. London chama cha watengenezaji bunduki kilipata hati ya kifalme mwaka 1637. Liège, katika nchi inayoitwa Ubelgiji leo, ilianza karne hiyo hiyo. Birmingham ilipata nyumba yake kwa sheria ya bunge ya mwaka 1813. Utaratibu ni rahisi kueleza: bomba linashindiliwa baruti nyingi kuliko litakayoibeba maishani, linalazwa chumba ambacho hakuna mtu, linapigwa. Likipona linakaguliwa, kisha linagongwa muhuri. Wasomaji wenzangu wa programu wameshatambua: hii ni kuzidishia mfumo mzigo kabla ya kuufungulia wateja.

Hapa sisi Waafrika tunaingia kwenye hadithi, na kuingia kwenyewe hakufurahishi. Birmingham ilitengeneza bunduki za namna mbili: za watu wao, na za kuuza Afrika. Zile za Afrika zilikuwa gumegume za bei ya chini kabisa, nyingi zikienda pwani ya magharibi kwa biashara ya watumwa. Miaka ya 1760 Lord Shelburne, mwanasiasa wa Uingereza, alizuru Birmingham na akaandika kwamba zaidi ya nusu ya bunduki hizo zingempasukia mtu wa kwanza kuzipiga. Wanahistoria wanaona alitia chumvi, maana hakuna mfanyabiashara anayeweza kuuza kitu cha namna hiyo kwa mteja yule yule miaka 100, na wateja wa Afrika Magharibi walikuwa wakali kuhusu ubora. Hata hivyo moto haukukosekana chini ya moshi. William Greener, mtengenezaji bunduki wa Uingereza, alichapisha kitabu mwaka 1835 akipanga vyuma vya mabomba kwa daraja, kuanzia kilichotengenezwa kwa misumari ya zamani ya kwato za farasi, ambacho kilisifiwa kwa uvumilivu wake, hadi takataka ya mwisho ambayo mafundi wenyewe waliipa jina la matusi. Ile ya mwisho ndiyo iliyokwenda kwenye bunduki za Afrika. Aliyechagua chuma alikuwa Birmingham, na aliyeweka shavu karibu nacho alikuwa maelfu ya maili mbali. Nikisikia mtu anasema "hii ni ya soko la Afrika, punguza gharama" huwa nakumbuka yale mabomba.

Huku kwetu gumegume na magobori yalipitia Unguja kwenda bara pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Tippu Tip mwenyewe jina lake linasemekana kutokana na mlio wa bunduki za watu wake. Na mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalipokutana Brussels na kukubaliana kuzuia silaha kuingia sehemu kubwa ya Afrika, yaliacha mlango wazi kwa gumegume zisizo na mifuo ndani ya bomba na kwa baruti duni ya biashara. Bunduki mpya za kujaza nyuma zilizuiwa. Wazee wetu waliruhusiwa ile ya kizamani.

Lakini msidhani kuwa tatizo lilikuwa la maskini peke yao, au la wanaouziwa takataka. Kisa ninachotaka kukaa nacho leo kilitokea mbele ya rais wa Marekani, kwa chuma cha bei ghali, katika meli ya kisasa kuliko zote walizokuwa nazo.

Meli iliitwa USS Princeton, ilishushwa majini mwaka 1843. Ilikuwa manowari ya kwanza ya Marekani kusukumwa na rafadha chini ya maji badala ya magurudumu ya pembeni. Nyuma yake walikuwepo watu wawili. John Ericsson alikuwa mhandisi kutoka Sweden, mtu wa michoro na hesabu, mkali wa maneno. Robert Stockton alikuwa nahodha, tajiri, anajuana na wakubwa, na ndiye aliyemshawishi Ericsson kuvuka bahari kwenda Marekani. Uhusiano wa namna hii mnaujua. Mmoja anajenga, mwingine anauza, na siku ya maonyesho anayesimama jukwaani ni yule anayeuza.

Ericsson alikuwa amechora mzinga wa inchi 12 (sentimita 30 za tundu) wa chuma cha kufua, uliofuliwa karibu na Liverpool. Baadaye uliitwa Oregon. Katika majaribio ulionyesha ufa. Ericsson hakuficha wala hakuutupa. Alitengeneza pete nene za chuma cha kufua, zikapashwa moto zikapanuka, zikavishwa juu ya mzinga sehemu ya nyuma, na zilipopoa zikajikaza na kuubana. Mzinga ukaendelea na kazi.

Stockton naye akataka wa kwake, uliotengenezwa Marekani. Tundu lile lile la inchi 12, risasi ya kilo 100 na zaidi, lakini ukuta mnene zaidi, hadi mzinga mzima ukapita tani 12. Pete hakuweka. Mantiki yake ilikuwa ya mtu yeyote anayetazama kwa macho: wa kwanza ulipata ufa, basi wa pili tuuzidishie unene. Aliuita Peacemaker, yaani mleta amani. Ulipigwa mara tano tu kwa majaribio. Ukapona mara zote tano. Ukapitishwa.

Tusimame hapo kwenye unene, kwa sababu hapo ndipo penye utamu wa jambo hili, na ndipo Stockton alipokosea bila kujua.

Akili ya kawaida inasema ukuta ukiwa mnene mara mbili, una nguvu mara mbili. Si kweli. Katika miaka ya 1830 Wafaransa wawili, Lamé na Clapeyron, walikuwa wameshaonyesha kwa hesabu jinsi ukuta wa silinda unavyogawana mzigo. Tabaka la ndani kabisa ndilo linalovutwa zaidi, na kila ukienda nje mvuto unapungua. Tufanye hesabu kidogo. Tuseme gesi inasukuma kwa nguvu ya 100. Ukuta ukiwa na unene sawa na nusu ya upana wa tundu, tabaka la ndani linavutwa kwa 167. Ongeza unene mara mbili: 125. Ongeza mara nne ya ule wa mwanzo, ambapo chuma ulichotumia sasa ni mara nane: 108. Endelea kuongeza chuma hadi ulimwengu mzima uwe chuma, na tabaka la ndani halitashuka chini ya 100. Na wakati huo tabaka la nje linafanya nini? Katika ule ukuta wa 125, tabaka la nje linavutwa kwa 25 tu. Yaani wa ndani anabeba mara tano ya wa nje. Wa nje amekaa tu kama mgeni wa heshima.

Anayefanya kazi ya seva ameona jambo hili. Unaongeza mashine ya tano, ya sita, ya kumi, na mfumo haupumui, kwa sababu mzigo wote bado unapita kwenye kijiti kimoja.

Ndiyo maana pete za Ericsson zilikuwa na maana kuliko unene wa Stockton. Pete iliyovishwa ikiwa moto na kupoa inabana kilicho ndani. Tabaka la ndani linaanza safari likiwa limeshasukumwa kuelekea ndani, kwa hiyo gesi inapolisukuma nje inabidi kwanza imalize kule kubanwa. Na pete yenyewe imeshavutwa tayari, inabeba sehemu yake. Mgeni wa heshima anapewa jembe. Tena, pete ni kipande kingine: ufa ukianza ndani hauwezi kuruka kirahisi kutoka chuma kimoja hadi kingine.

Kuna la pili ambalo hesabu ya Lamé haikulisema. Mzinga wa Stockton ulitokana na vipande vingi vya chuma cha kufua vilivyounganishwa kwa moto hadi vikawa donge moja kubwa. Kuunga donge la ukubwa huo, moto uingie hadi katikati, kulihitaji kukaa tanuruni muda mrefu, kurudishwa, kupigwa tena. Kila mwanya uliobaki ulikuwa mahali pa kuanzia ufa. Na nje ulikuwa laini, umesuguliwa, unapendeza.

Tarehe 28 Februari 1844 Stockton alikaribisha wakubwa wa Washington kwa matembezi katika mto Potomac. Rais John Tyler alikuwepo, pamoja na mawaziri, wabunge, wanawake wa heshima, kama wageni 400. Peacemaker ulipigwa, watu wakashangilia. Ukapigwa tena. Wageni wakashuka chini kula na kunywa. Meli ilipokuwa njiani kurudi, waziri wa majeshi ya majini, Thomas Gilmer, akaomba upigwe mara moja zaidi kwa heshima ya George Washington, maana walikuwa wanapita karibu na nyumba yake ya zamani ya Mount Vernon. Stockton alikuwa ameshasema basi kwa siku ile. Lakini anayeomba ni waziri, na ndiye mkubwa wake.

Mara ya tatu mzinga ulipasuka upande wa kushoto wa sehemu ya nyuma. Chuma kiliruka kwenye umati. Walikufa Abel Upshur, waziri wa mambo ya nje, Gilmer mwenyewe aliyeomba, Beverley Kennon wa jeshi la majini, Virgil Maxcy aliyekuwa mwanadiplomasia, na David Gardiner, wakili wa New York. Akafa pia Armistead, mtumishi wa rais, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wake. Wengine wengi walijeruhiwa, Stockton akiwemo. Rais alipona kwa sababu alikuwa amechelewa kule chini kwenye vinywaji. Inasemekana alikuwa akimsikiliza mkwewe akiimba. Miezi minne baadaye alimwoa Julia, binti ya yule Gardiner.

Maiti za wale watano waliwekwa ikulu kwa heshima za taifa. Armistead hakuwemo. Katika maandishi mengi ya wakati ule hatajwi kwa jina, ni mtumwa wa rais tu. Nimemtaja hapa mara mbili makusudi.

Uchunguzi wa jeshi la majini haukumpata Stockton na hatia. Alikuwa na marafiki. Stockton naye alijitahidi lawama zimfikie Ericsson, ambaye mzinga ule hakuuchora, na Ericsson hakulipwa na serikali kwa kazi yake ya Princeton.

Taarifa iliyonifaa zaidi ni ile ya wanasayansi wa taasisi ya Franklin kule Philadelphia, walioombwa kuchunguza chuma chenyewe. Walikata vipande kutoka kwenye mabaki, wakavivuta kwenye mashine hadi vikatike, wakalinganisha na pao za chuma kama zile zilizotumika kuujenga. Chuma kile kilipokuwa pao ndogo kilikuwa kizuri. Baada ya kukaa motoni na kuungwa kuwa donge kubwa, kilikuwa kimepungua nguvu, na sehemu nyingine hazikuungana vyema. Wakashauri mizinga mikubwa ya chuma cha kufua ya namna ile iachwe, kwa kuwa ufundi wa wakati ule haukuwa na njia ya kuhakikisha donge kubwa kiasi hicho ni zima ndani. Ukitazama vizuri, hawakusema chuma cha kufua ni kibaya. Walisema njia iliyotumika kukigeuza kuwa mzinga iliharibu sifa iliyofanya kichaguliwe. Anayechagua nyenzo kwa kutazama jina lake dukani hawezi kulijua hilo.

Na yale majaribio matano? Peacemaker ulipona yote, na ukapona mawili ya kwanza mbele ya wageni. Kila ulipopigwa, pale palipoungwa vibaya palifunguka kidogo, mahali ambapo hakuna aliyeweza kupaona. Kwa hiyo kila mara uliponusurika watu waliuamini zaidi, na kila mara ulikuwa umekaribia zaidi kupasuka. Mtu akiniambia "imekuwa ikifanya kazi tangu mwaka juzi, mbona una wasiwasi?" simjibu kwa hadithi hii, maana ni ndefu, lakini kichwani inapita.

Afisa mmoja kijana wa jeshi la nchi kavu, Thomas Rodman, alianza kufikiria jambo hilo katika miaka iliyofuata. Yeye alirudi kwenye chuma cha kusubu, kile kibaya kinachovunjika kama chungu, na akauliza kwa nini kinavunjika. Mzinga wa kusubu ulikuwa ukimiminwa kama gogo zima, kisha tundu linachongwa. Gogo la chuma cha moto likipoa, nje hutangulia kuganda. Ndani kunapoa mwisho, na kunapoa kukiwa kunasinyaa, lakini nje kumeshaganda hakufuati. Matokeo yake ni kwamba ndani kunabaki kumevutwa hata kabla ya baruti kuingia. Yaani tabaka lile lile linalobeba mzigo mkubwa lilikuwa limechoka tangu kiwandani.

Rodman akageuza mambo. Alimimina chuma kuzunguka mhimili wenye uwazi, akapitisha maji baridi ndani yake, na nje ya kalibu akaweka moto ili pasipoe haraka. Sasa ndani kunaganda kwanza, na kila tabaka la nje linaposinyaa linabana lililo ndani yake. Ni zile pete za Ericsson, lakini bila pete, zimejificha ndani ya chuma kimoja.

Wakubwa hawakumsikiliza mwanzoni. Akashirikiana na kiwanda cha Fort Pitt kule Pittsburgh, na mwaka 1849 wakafanya jambo ninalolipenda kuliko yote katika hadithi hii. Walimimina mizinga miwili ya inchi 8, chuma kile kile, mmoja kwa njia ya zamani na mmoja kwa njia ya Rodman. Halafu wakaanza kuipiga yote miwili, si ili ipite bali ili ipasuke. Wa zamani ulipasuka mara ya 85. Wa Rodman mara ya 251. Mwaka 1851 wakarudia na jozi nyingine: wa zamani ulipasuka mara ya 73, wa Rodman ulipigwa mara 1,500 na haukupasuka. Tazama tofauti na zile tano za Stockton. Na tazama pia kwamba ule wa zamani ulipona zaidi ya mara 70. Kwa kipimo cha Stockton, yote minne ilikuwa salama.

Katika miaka hiyo jeshi la Marekani lilijenga tabia ya kupima chuma chenyewe: kukata vipande, kuvivuta, kupima uzito kwa ujazo, kuandika. Mwaka 1856 walichapisha ripoti nene ya majaribio ya nguvu za vyuma vya mizinga. Kwa upande wa majini, mzinga mmoja ulipasuka Washington Novemba 1849 na kumwua mpigaji wakati John Dahlgren akifanya majaribio. Dahlgren akachora mizinga yenye umbo la chupa, minene nyuma ambako gesi ina nguvu zaidi na myembamba mbele.

Kisha, tarehe 9 Machi 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, meli mbili za chuma zilipigana Hampton Roads kwa saa kadhaa bila mshindi. Moja ilikuwa Monitor, mali ya kaskazini. Aliyeichora ni John Ericsson, yule yule, aliyedhulumiwa malipo ya Princeton. Ndani ya mnara wake kulikuwa na mizinga miwili ya Dahlgren ya inchi 11, na amri ya jeshi la majini ilikuwa baruti isizidi pauni 15, kama kilo 7. Hofu iliyozaliwa Potomac mwaka 1844 ilikuwa bado hai baada ya miaka 18. Risasi za Monitor ziligonga silaha za chuma za adui, zikazipasua sehemu fulani, hazikupenya. Baadaye mizinga ya namna ile ilipojaribiwa ilionekana kubeba hata pauni 30, na kipimo kikapandishwa. Ericsson alilalamika sana kwamba meli yake ilinyimwa ushindi kwa kuogopa mzinga ambao si yeye aliyeutengeneza.

Oregon, ule wenye ufa na pete, haukuwahi kupasuka. Uko Annapolis, kwenye chuo cha jeshi la majini la Marekani, na pete zake bado zimeubana.